Jua la Chungwa

Mwalimu Mwanasiti aliweka chungwa
juu ya ukuta wa skuli yetu, Kuze.
"Jua hilo. Haya, hesabuni hatua."

Nne, Utaridi. Saba, Zuhura.
Ya kumi nikasimama mimi,
dunia nzima punje ya sukari
kidoleni, ikiyeyuka kwa jasho.

Mshtarii hamsini na mbili, mlangoni kwa muuza mkaa.
Zohali akapotelea kona ya kinyozi.
Neptuni alikuwa Bishara:
mia tatu, ng'ambo ya barabara,
peke yake, akilitafuta chungwa kwa macho.

Kengele ikalia. Hakuisikia.

Sisi tulishalikata jua,
tukalipaka chumvi na pilipili.
Kipande chake nikampelekea mbio,
nikaipita dunia
bila kuiona.