Shimo la Saba

Fimbo zangu ni tano tu,
na moja nimeifunga mpini kwa mpira wa baiskeli.
Nilizinunua kwa Mholanzi aliyekuwa akihama Shanty Town,
pamoja na jiko la umeme na paka
ambaye hakuomba kuuzwa.

Jumamosi duka la dawa namwachia Ndeshi,
nashika njia ya kiwanjani,
kofia imenikaa kama sufuria.

Mpira wa kwanza: vichakani.
Wa pili: napiga udongo, mpira unabaki
ukinitazama.
“Umeusalimia tu,” asema Elinami, mbeba fimbo wangu,
ambaye akiamua atanishinda kwa mkono mmoja
na ana adabu ya kutoamua.

Juma zima nahesabu vidonge,
viwili, kutwa mara tatu,
nahesabu wanaonidai na ninaowadai.
Huku nikifika tisa naandika saba,
na mlima, mawingu yakiwa kidevuni, haushuhudii.

Ila leo, shimo la saba, sijui nilifanya nini.
Mabega yalisahau kwamba ni yangu.
Ukatoka mlio mdogo,
kama kifuniko cha chupa mpya kikikatika,
mpira ukapanda, ukaivuka migrevilia,
na Kibo ikafunuka nyuma yake,
nyeupe juu ya nyeupe,
nikaupoteza machoni.

Tumeutafuta robo saa, magoti yamelowa umande.
Elinami anauliza, “Uliuona ulipoangukia?”
Sikuuona.
Wala sina haraka.

Kwenye kadi, safari hii,
sijaandika kitu.