Kadi Haijaingizwa

Miaka saba gerejini Walukuba
nimesemeshwa na mwanamke mmoja.
Kila gari lililofika juzi kutoka bandarini,
bado lina harufu ya sabuni ya watu wengine,
nikizungusha ufunguo tu, anaanza:
*kaado ga soonyuu sarete imasen.*
Sauti ya nesi wa zamu ya asubuhi.
Isabirye alisema ni dua ya safari.
Mimi nilidhani ananipa pole.

Ndiyo maana Jumamosi moja, kucha zina grisi,
nikavua viatu mlangoni kwa Mwalimu Kagoya,
Kagoya wa Nagoya, mtaa mzima ulimwita hivyo,
aliyeshona viti vya magari huko miaka minne
akarudi Jinja na birika la chuma
na magoti yasiyochoka.
Tulikuwa tisa. Viatu vyetu alivigeuza vitazame nje,
kimoja kimoja, hata ndala yangu iliyokatika.

"Pigeni magoti," akasema. "Wote."
Tenywa akacheka: mwanamume wa Kisoga
ampigie nani goti?
Nangobi, aliyepiga goti tangu ana miaka mitatu,
kwa baba, kwa wajomba, kwa mashemeji,
hata kwa fundi aliyeleta mlango,
alitazama ukutani asiseme neno.
Tenywa akashuka polepole, kama jeki inayovuja.
Dakika tano, miguu ikafa ganzi.
Akaomba radhi, sijui alimwomba nani,
ila macho yake yalikuwa kwa Nangobi.

A, i, u, e, o: hizo tulikuja nazo kutoka nyumbani.
Ka, ki, ku, ke, ko: vumbi la chaki, darasa la kwanza.
Ra na la kwao ni mtoto mmoja,
nasi ambao bibi zetu hawakuwahi kuzitenganisha
tukapata alama zote.

Kisha maneno yakaanza kunichezea.
*Mimi* ni sikio.
*Kuni* ni nchi; nikafunga daftari kidogo,
maana nchi ikiwaka nimewahi kuiona.
*Nani* si mtu, ni kitu gani.
*Hana* ni ua.
Hapo nikamsikia mama, ofisini kwa mwalimu mkuu,
nami nimejificha nyuma ya gauni lake:
hana karo, hana sare, hana kiatu.
Ua, ua, ua.
Kumbe siku ile nilipambwa.

Mwalimu akiita majina, unajibu *hai*.
Ndiyo, nipo.
Kwetu neno hilo huulizwa wodini, kwa kunong'ona.
"Tenywa?" Hai. "Nangobi?" Hai.
Tisa tuliohesabiwa, tisa wazima,
na chai chungu isiyo na sukari
tuliyoinywa kwa adabu, tukikunja nyuso.

Mwezi wa nne nikathubutu kumwuliza
juu ya mwanamke wangu.
Akacheka mpaka kikombe kikamwagika.
"Anasema kadi haijaingizwa.
Kadi ya kulipia barabara."
Ndiyo tu?
Ndiyo tu.
Nilitembea hadi nyumbani nikihisi nimefiwa.

Jumatatu likaletwa gari jeupe la mkunga wa Bugembe.
Nikazungusha ufunguo. Akasema yale yale,
kwa upole ule ule, hajui yuko wapi.
Nikainamisha kichwa, spana mkononi:
*Hai*, nikamjibu. Hana kadi.

Isabirye, chali chini ya injini, akauliza: "Nani?"
Nikakaa kimya,
sijui aliuliza kwa lugha ipi.