Chaguo-msingi

Simu mpya inafika Kadutu imekwisha kuamua.
Unabandua ngozi ya plastiki, unaiwasha,
inakuuliza lugha, inakuuliza saa,
inakuuliza hata kama unataka itetemeke.
Haikuulizi utamuuliza nani.
Kisanduku kimeshakaa juu ya kioo, cheupe,
na nyuma yake kuna mtu aliyekwisha kulipia kiti.

Wanaozitafsiria mashine maneno wanakiita chaguo-msingi.
Mimi Zihalirwa, fundi, mtoto wa mteremko,
neno msingi silipiti hivi hivi.
Hapa kwetu msingi ni mawe saba na maombi.
Novemba ikinyesha usiku kucha,
asubuhi tunahesabu nyumba
kama mtu anavyohesabu watoto.

Walikuja vijana wawili wenye kofia za kijani.
Kila simu ipitayo mkononi mwako, wakasema,
geuza kisanduku, kiwe chetu. Franka elfu mbili.
Wiki haijaisha, wakaja wa kofia za zambarau:
elfu tatu, na mwavuli.
Siku moja wakakutana mlangoni pangu,
wakatazamana kama majogoo ya wake wenza,
vifua mbele,
wakigombea watu wasiojua kwamba wanagombewa.

Nilijaribu kuuliza. Naapa nilijaribu.
Mama, unapenda kutafuta kwa kipi?
“Weka ile ya siku zote.”
Ya siku zote ni ipi?
“Ile inafunguka. Miye niko na haraka, mtoto iko na homa.”

Mwalimu Birhashwirwa peke yake aliinua miwani:
“Kwani ziko zingine?”
Akavuta kigoda, tukafungua nne kwa zamu,
tukaziuliza zote swali lake moja, dawa ya mnyauko wa migomba.
Zikajibu nne mbalimbali.
Akanyamaza. Akalipa kioo chake,
akaondoka na ile ya kwanza.
“Vidole vyangu vimezeeka,” akasema, “vinajua njia moja.”

Mama yangu aliuza sambaza meza ya nyuma kabisa,
baada ya viatu, baada ya sabuni, baada ya tope.
Sambaza wa alfajiri, bado wana ziwa machoni.
Mlangoni aliuza Mama Nankafu, sambaza wa jana,
na watu walinunua kwake. Si kwa ubaya.
Mguu husimama soko linapoanzia.
Meza ya mlangoni ina bei yake. Haijaandikwa popote.

Niligeuza simu mia mbili na kumi na moja.
Kijani asubuhi, zambarau jioni, nilikula kote.
Nikalipa meza.

Sasa mama yuko mlangoni, chini ya mwavuli wa zambarau,
anauza hata wa juzi.
Jana usiku, akifunga noti kwenye pindo la kitenge,
akaniuliza Nankafu alihamia wapi.
Wateja wake wote wanakuja kwangu, akasema,
na hakuna aliyemtaja.
Akafungua fundo, akahesabu upya, akalifunga tena.
Hata mmoja.

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati.
Nikachukua simu, nikaandika jina la yule mama
katika kisanduku cheupe nilichokiweka mwenyewe.
Kikazunguka, kikazunguka,
kikaniletea samaki wa makopo, bei nafuu,
kutoka bandari nisiyoweza kuitamka.

Nje, chini ya ukuta wa jirani,
nikasikia jiwe moja likiondoka mahali pake.