Cha Kumi

Shinuna aliniuliza: hivi tisa si kimoja?
Nikamwambia keti, vaa miwani.
Hiki magurudumu yake chuma kitupu,
hiki plastiki nyeusi, haina hata mkwaruzo wa nakshi.
Kioo cha hiki kama chai ya rangi iliyopoa,
cha hiki buluu, buluu ya chupa ya spiriti.
Kiti chekundu. Kiti cheupe.
Na kulabu ya trela, itazame:
hapa ndefu, hapa kiwandani waliifupisha,
nadhani watoto walikuwa wakijichoma.

Akatazama. Akasema, tisa ni tisa,
na kabati la vyombo ni langu.

Miaka ishirini na miwili niliendesha Landrova ya kweli,
Fahud, Marmul, na pasipokuwa na jina,
mchanga menoni, redio ikikoroma,
wahandisi nyuma wamelala midomo wazi.
Kila Jumatano jioni naupeleka ufunguo dirishani,
natia saini,
narudi nyumbani kwa miguu.
Siku hizo tulilala juu ya paa, shuka tumezilowesha,
nawe ukiniuliza mbona mikono yako inatetemeka,
nami nikisema ni usukani, haujanitoka.

Ijumaa moja Chakar akaja Mabela kutoka Matrah,
mfukoni kitu kimefungwa kwa karatasi ya chooni.
"Cha kumi, Mzee Humud. Ghuba nzima hakuna."
Nikakigeuza chini ya taa. Kijani.
Magurudumu yaleyale, kioo kilekile, kulabu ileile fupi.
"Ninacho," nikamrudishia.

Shinuna alikuwa akitoboa viua vya kofia,
sindano mdomoni.
Akanyoosha mkono, hakuomba.
Akakipeleka dirishani, na kile changu cha kabatini,
akavuta kikapu chake cha nyuzi.
Uzi juu ya boneti: siyo.
Mwingine: siyo.
Wa tatu ukalala pale, ukapotea.

"Hiki jani la mlimau.
Hicho chako mkunazi wa kando ya barabara.
Umevinunua kwa macho ya nani?"

Chakar akacheka, akapandisha riali mbili.
Shinuna akashusha tano,
kwa Kibaluchi, ambacho miaka yote hii
sikujua anakijua.

Sasa daftari langu lina mwandiko wa watu wawili.
Mimi naandika magurudumu, kulabu, kioo.
Yeye anaandika namba ya uzi.
Jana usiku, kalamu mkononi, akauliza:
"Na ile uliyokuwa ukiendesha wewe?"

Nikafungua kinywa.
Miaka ishirini na miwili,
mlango nimeufungua mara ngapi,
kivuli chake nimekula ndani yake, nimeswali ndani yake.
Jibu sina.

"Vumbi," nikasema. "Ilikuwa rangi ya vumbi."

Hakucheka.
Akainama kikapuni, akaanza kutafuta.