Wa Safu ya Kwanza

Kwanza tulizipa majina, maana namba husahaulika:
moja Mkomani, ya pili Langoni,
na Bi Mwanamkuu wa maabara akacheka,
"Mmeanza kwa ugomvi."

Chumba kilikuwa stoo ya magodoro.
Kiyoyozi chadondosha maji kwenye ndoo ya rangi.

Kazi yenyewe si ya kusimulia barazani.
Mkomani anagawa: wewe soma picha hii ya kifua,
wewe hesabu chembe za damu, wewe tafuta faili ya Faza.
Langoni amekaa nyuma yake,
ananakili kila neno,
na kila sekunde humuuliza: Upo?
Nipo.
Upo?
Nipo.

Twalib, kijana wa mafunzo, hakunielewa
hadi nilipomuuliza: umewahi kuona imamu
akitenguka udhu katikati ya rakaa?
Hasemi kitu. Hurudi nyuma, humshika mkono wa safu ya kwanza,
humvuta mbele,
na aliye nyuma kabisa, karibu na viatu,
hajui lolote mpaka sauti ya takbiri igeuke.
"Ndiyo hiyo," nikasema. "Lakini huyo avutwaye
sharti aijue sura inayosomwa,
na aya ilipofikia."

Jumatano usiku tukajaribu. Hatukuzima mashine;
tulichomoa waya ulio kati yao tu.
Langoni akauliza: Upo?
Kimya.
Akauliza mara tatu, akasema innalillahi,
akasogea mbele.
Kumbe Mkomani yu hai, anaendelea kusoma.
Maimamu wawili, mihrabu moja,
na kabla hatujarudisha waya, mama mmoja wa Kizingitini
alikwisha kuwa na faili mbili:
huku damu yake kundi la O,
huku bado haijapimwa.

Sikulala. Hakuna iliyosema uongo;
kila moja ilisema ilichokiona.
Kimya si kifo. Huenda ni waya.
Huenda ni panya.

Ndipo tukaleta ya tatu, kijisanduku kama bofulo,
tukakiita Wiyoni, tukakiweka duka la dawa, ng'ambo ya ua,
umeme wake mbali.
Hakina faili hata moja. Kazi yake ushahidi.
Sasa hakuna asogeaye bila akidi, wawili kwa watatu,
na atakayejikuta peke yake
ajizime, hata akijiona mzima.
Hilo la mwisho lilinichosha kuliandika.
Hata sisi watu hatuliwezi.

Ijumaa, saa nne usiku, wodi imejaa.
Twalib kashika waya mnene wa Mkomani, mkono wamtetemeka.
"Vuta, ndoo, vuta!"
Taa za kijani zikafa. Feni ikajikokota, ikanyamaza.
Nikahesabu. Saba. Nane. Tisa.
Ya kumi na moja, Langoni akaanza kugawa:
wewe soma kifua, wewe hesabu chembe,
pale pale aya ilipoachwa.

Bi Mwanamkuu akachungulia mlangoni, glavu mkononi.
"Mwaanza saa ngapi hilo jaribio lenu?
Nataka nimalize majibu yangu kwanza."

Nilicheka njia nzima hadi Gardeni.
Kwenye ngazi za nyumbani kicheko kikakatika:
nywila zote zi kichwani mwangu.
Mashine tatu, betri nne,
na mimi mmoja.

Nikampigia Twalib, usingizini.
"Kesho uje na daftari," nikamwambia.
"Na ukae karibu, unisikie nisomapo."