Unene wa Penseli

Ofisi ya kadasta, Bukavu, ghorofa ya pili,
dirisha lisilofunga, mvua ya Novemba inaingia kama mdai.
Mbele yangu ramani, moja kwa hamsini elfu,
na penseli ya kijani niliyopewa juzi
ndani ya bahasha, pamoja na posho ya siku tatu.

"Chora," akasema Bwana Cikuru, mkuu wangu.
"Msitu unaongezwa. Mto nao unaingia ndani,
ukingo huu na ukingo ule."
Akapitisha kidole hewani
kama mtu anayefuta makombo mezani.

Sikiliza hesabu yangu, maana hakuna aliyeiuliza:
mstari wa penseli hii, isipochongwa, ni milimita mbili.
Milimita mbili za karatasi ni mita mia moja za udongo.
Katika mita mia moja mama mdogo Nsimire
ana migomba arobaini, mizinga saba,
kaburi la mumewe, na jiwe la kulowekea mihogo
ambalo mto umelilamba hata likafanana na sikio.
Hayuko ndani ya hifadhi. Hayuko nje.
Yuko ndani ya unene wa penseli.

Sisemi msitu uachwe.
Mimi mtu wa Kadutu; nimeuona mlima ukishuka usiku
na nyumba kumi na moja mgongoni,
tope likipanda kitandani bila kubisha hodi.
Maji ya bomba letu, siku yanapotoka, najua yanatoka wapi.
Makala niliyopikia sombe jana
najua yalikuwa mti.
Mimi pia ni shoka. Shoka lenye kola nyeupe,
lakini shoka.

Ila nilikuwapo kwenye ule mkutano, ukumbi wa hoteli, Nguba.
Walisema "jamii husika" mara thelathini na nne,
nilihesabu kwa vijistari pembeni mwa daftari.
Jamii husika ilikuwa watu wanne kwenye viti vya nyuma,
wameshika chupa za Fanta kwa mikono miwili
kama vitu vya kuazima.
Mmoja, Mtwa, Kasula jina lake, akasimama:
"Baba yangu mlimtoa msituni kwa ajili ya sokwe.
Leo mnamtoa nani kwa ajili ya samaki?"
Mkalimani akatafsiri: "Anashukuru kwa mwaliko."
Makofi.

Usiku ule nilichonga penseli kwa wembe
hadi ncha ikawa mwiba wa sambaza.
Mstari ukakonda: nusu milimita, mita ishirini na tano.
Migomba ikatoka. Mizinga minne ikatoka.
Jiwe likabaki, kaburi likabaki.
Kwa ajili ya kaburi nilipinda mkono.
Nikachora kinundu kidogo, si zaidi ya punje ya mtama,
mto ukajikunja mahali ambapo haujawahi kujikunja.

Asubuhi Bwana Cikuru akavaa miwani.
"Na hii?"
"Kona, shefu. Mto unakata kona pale."
Akanitazama mpaka chai yake ikapoa.
Katika mji huu kila mtu ana mama mdogo mahali fulani.
Akapiga muhuri.

Leo lori limepita Essence na vigingi vya zege,
vichwa vimepakwa chokaa.
Juu yake wapimaji watatu wanatafuna mahindi.
Watapanda vigingi kwa kufuata ramani,
au kwa kufuata mto,
au kwa kufuata mfuko wa mwenye ng'ombe
anayeishi Kinshasa na hajawahi kukanyaga kinyesi chao.

Jioni mama mdogo amepiga simu.
Ameuliza bei ya sabuni. Ameuliza kama nimekula.
Kisha, kwa sauti ya chini, maji yakisikika nyuma yake:
"Mwanangu, kuna watu huku wana kamba na karatasi.
Wananiuliza kona iko wapi.
Niwaonyeshe ipi?"