Mstari wa Saba

Hapa Mufindi hati ya mshahara hukunjwa mara nne,
ikaingizwa kwenye sidiria
isije ikalowa ukungu.
Nyumbani naikunjua moto ukishashika.
Naanzia chini, kwenye kilichobaki,
kisha napanda taratibu, kama mgeni wa ngazi:
mkopo wa bati,
unga wa duka la kampuni,
buti,
akiba ya uzeeni,
na pale juu, mstari wa saba,
ADA YA CHAMA.
Elfu mbili mia nane na arobaini.

Sijapata kuishika.
Haikukaa kiganjani hata ikapata joto.
Huzaliwa na kuzikwa kwenye karatasi moja,
kwa wino uleule.

Mwanzoni niliichukia kwa hesabu:
kilo ishirini na mbili za jani bichi,
baada ya karani wa mizani kutoa zake mbili
anazoziita umande.
Asubuhi nzima ya mgongo wangu.
Au kilo ya sukari, ukipenda iwe tamu.

Nikamwendea Yustina Kikoti, katibu wa tawi,
fundi wa rola, mikono imelewa grisi.
"Nitoe."
Hakunihubiria. Alinipa fomu
na kalamu isiyoandika.
"Hata kalamu?" nikamwuliza. "Na ada zote hizi?"
Akacheka mpaka akakohoa vumbi la chai.
Fomu nikaichomeka nyuma ya kalenda,
nikingojea kalamu.

Mwezi wa tano rola ilimla Edina vidole viwili.
Kampuni ikaandika: hakuwa kwenye kituo chake.
Vidole vilikuwepo, yeye hakuwepo!
Yustina akapanda basi kwenda Iringa mjini, kwenye Tume,
faili kwapani, mara tatu,
na mara ya tatu akalala stendi,
kwa baridi ile ya Julai.
Wakamlipa Edina. Si zote.
Sasa anachuma kwa mkono mmoja na nusu
na bado ananishinda kilo.
Nauli ile, nikajua, ilitoka mstari wa saba:
kiti kimoja cha dirishani
nilikikalia bila kwenda popote.

Halafu Januari mwaka huu
Yustina akaja na daftari la chama kwenye foleni ya mizani,
akalifungua juu ya kikapu changu.
Kwenye hati zetu: imekatwa.
Kwenye daftari: pengo.
Oktoba, pengo. Novemba, pengo. Desemba.
Imetoka kwangu, haijafika kwao;
basi imelala kwa nani?

Siku ile mizani ilining'inia tupu.
Tulisimama mbele ya ofisi ya malipo,
vikapu mgongoni, majani yakianza kunyauka,
na sauti ya kwanza, Mungu anisamehe,
ilikuwa yangu mimi niliyetaka kutolewa:
"Mmekata. Fikisheni."
Mhasibu akauliza nadai shilingi ngapi.
Nikasema, zetu.
"Zako wewe, ngapi?"
Nikasema, zetu.

Mchai usipokatwa huwa mti,
mrefu, wa kivuli, usiofaa mkono.
Hilo kila mchumaji analijua.
Ila mkataji naye huulizwa
matawi kayapeleka wapi.

Zimefika za miezi miwili.
Ya tatu tunaingoja.
Fomu bado iko nyuma ya kalenda, haijajazwa.
Kalamu ninayo sasa, na inaandika.
Chama nacho kijue.